Mashine Ikinyamaza

Mfamasia alipopiga simu asubuhi ile alikuwa anacheka, na hilo peke yake lingetosha kumtia mtu wasiwasi. Yule bwana hacheki kabla hajanywa chai, na akishakunywa hucheka kwa pua tu.

"Bi Nyekundu," alisema, "leo umetuonea huruma. Tangu tufungue dirisha la dawa mashine yako imetulia kama maji ya mtungini. Imewaka mara moja tu, kwa yule mama anayedhuriwa na salfa. Endelea hivyohivyo, mama, na sisi tufanye kazi."

Bi Nyekundu akacheka naye, akaweka simu chini, akakivuta kikombe chake. Jina hilo alibandikwa na wauguzi, na hakulikataa kwa sababu alilistahili. Yeye ndiye aliyeandika programu ya dawa ya hospitali ile. Daktari akiandika dawa kwenye kompyuta, programu inachukua jina la dawa hiyo na kulilinganisha na majina ya dawa zinazomdhuru mgonjwa huyo. Yakifanana, skrini nzima inawaka nyekundu na kupiga kelele za kumwamsha maiti. Wauguzi walimnung'unikia kwenye korido, madaktari walimnunia, naye akawajibu kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe na kuyabandika ukutani katika kila wodi: MASHINE IKILIA, SIMAMA. MASHINE IKINYAMAZA, ENDELEA.

Na watu wakaendelea, tena bila kugeuka nyuma. Binadamu ukimpa wa kumkumbushia, anasahau hata alichokuwa akikijua. Zamani muuguzi hakumchoma mtu sindano bila kumwinamia na kumuuliza, "Kuna dawa inayokudhuru?" Mgonjwa aliulizwa asubuhi, akaulizwa mchana, akaulizwa jioni, mpaka akakereka. Siku hizi anaulizwa mara moja tu, siku ya kulazwa. Jibu linaingizwa kwenye kompyuta, na kuanzia hapo anayekumbuka ni mashine. Hata madaktari walishazoea hivyo: andika tu, kama haifai itakataa.

Kikombe hakikufika mdomoni. Imewaka mara moja tu? Hospitali nzima, asubuhi nzima?

Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Bi Nyekundu alikulia kwenye nyumba ambamo methali hiyo ilitumika kila mtoto akionekana ametulia chumbani. Jana yake jioni walikuwa wamehamishia programu kwenye seva mpya, mashine kuu inayoendesha kompyuta zote za hospitali. Iliitwa mpya kwa heshima tu. Fundi Mitambo, bwana wa nyaya na vyuma wa hospitali, aliinunua kwenye mnada baada ya ofisi moja ya mizigo kufunga na kuondoka. "Ilikuwa kwa Waturuki," alimwambia wakati wanaibeba. "Ikikusalimia kwa lugha yao, wewe itikia tu." Wakacheka, wakaichomeka, wakaijaribu. Bi Nyekundu alimsajili mgonjwa wa uongo, akaandika kwamba penisilini inamdhuru, kisha akamwandikia penisilini hiyohiyo. Skrini ikawaka nyekundu kama kawaida. Wakapongezana, wakaenda kulala.

Sasa alirudia jaribio lile. Skrini ikawaka. Akashusha pumzi, akajiita mwoga.

Lakini hakuridhika. Yule mgonjwa wa uongo amezaliwa jana, juu ya mashine hii hii. Je, wale wa kweli, waliosajiliwa kabla? Alitaka mgonjwa wa zamani ambaye yeye, Bi Nyekundu, anajua bila kubahatisha ni dawa gani isiyopatana naye, na hakuhitaji kufikiri. Akaandika jina la shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea. Alimchukua mikononi mwa kaka yake siku mama yake Bi Nyekundu alipozikwa, akasema, "Huyu wangu," na habari ikaishia hapo. Sasa alikuwa wodi ya upasuaji ya wanawake, amelazwa kwa kidonda cha mguu kilichogoma kupona, na asubuhi ile walikuwa wamempeleka chumba cha upasuaji kukisafisha. Kuhusu penisilini hakuna ndugu asiyejua habari zake. Alipokuwa msichana alichomwa sindano yake moja tu, koo likavimba likaziba, macho yakapinduka, watu wakaanza kuulizana nani apelekewe taarifa. Alikuwa akiisimulia kwa majivuno, kama mzee wa vita. Siku ya kulazwa alimwambia karani wa mapokezi, "Penisilini. Andika kwa wino mzito, mwanangu." Karani akamweleza kwamba kompyuta haina wino mzito.

Bi Nyekundu alikusudia kumwandikia penisilini ya uongo, atazame, kisha afute. Hakufika huko. Ukurasa wa Shangazi ulipofunguka, penisilini ilikuwemo tayari. Daktari wa zamu alikuwa ameiandika baada ya kidonda kusafishwa: sindano, kwenye mshipa. Pembeni pake paliandikwa kwamba inasubiri muuguzi. Skrini ilikuwa nyeupe kimya.

Alinyanyua simu akapiga wodi ya upasuaji ya wanawake. Ilikuwa inaongea, kama inatumika na mtu. Akakata, akapiga tena. Inaongea. Huku mkono mmoja ukibonyeza namba, mwingine ulifungua dirisha la ndani la programu, lile ambalo yeye peke yake huliona, ambamo majina mawili yanawekwa moja juu ya jingine ili yalinganishwe. PENISILINI na PENISILINI. Akakodoa macho. Neno la chini lilikuwa na vidoa vidogo juu ya baadhi ya herufi. Alidhani ni vumbi la skrini, akafuta kwa mkono wa blauzi. Vidoa havikutoka. Vilikaa palepale, kimoja juu ya kila I.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimtia hofu kuliko kutokuelewa. Programu yake, kila jina linapoingizwa, huligeuza kuwa herufi kubwa na kulihifadhi hivyo, ndipo ilinganishe, kwa sababu daktari mmoja huandika kwa ndogo, mwingine kwa kubwa, na wa tatu anavyoamka. Ni jambo dogo, kila mwandishi wa programu hulifanya huku anapiga miayo. Kumbe hata kukuza herufi kuna mila za wenyewe. Kituruki kina i mbili, yenye nukta na isiyo na nukta, na ile yenye nukta ikikua haiivui nukta yake. Kwao ndivyo inavyotakiwa, na wala hawana kosa. Lakini kwa kompyuta, I yenye nukta na I isiyo na nukta ni herufi mbili zisizojuana, kama B na K. Neno la juu liliandikwa na mashine ya zamani siku Shangazi alipolazwa. La chini liliandikwa asubuhi hii na mashine ya Waturuki. Hayakufanana, na yasipofanana hakuna nyekundu.

Yeye hakuwahi kuiambia programu yake ifuate lugha gani. Hakuona haja. Na programu isiyoambiwa hufuata lugha ya mashine inamokaa, ikawa mgeni mwenye adabu kupita kiasi: ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Ikafumba. Yule mgonjwa wa uongo alipona kwa kuwa majina yake yote mawili yalikuwa ya Kituruki. Mama wa salfa alipona kwa kuwa salfa haina i. Ampisilini, aspirini, kodeini, kwinini. Alizitaja moyoni, na kila aliyoitaja ilikuwa na i.

Akapiga simu tena. Inaongea.

Ndipo akatoka mbio.

Kijasho chembamba kilimtoka kabla hajamaliza ngazi. Korido ya chini ilikuwa imetoka kupigwa deki, na mama wa usafi akamwita, "Dada, sakafu imelowa, utavunjika kiuno," naye akapita akiteleza, kiganja ukutani. Mapokezi palikuwa na foleni imekata njia. Akaipasua katikati, mtu akamsonya, mwingine akasema watu wa ofisini hawana adabu. Akili yake ilikuwa imebaki na picha moja tu: Shangazi amelala chali, dawa ya usingizi haijamwisha, mdomo wazi kidogo, hawezi kumwambia mtu yeyote neno lile ambalo amelisema maisha yake yote.

Kati ya jengo la ofisi na jengo la upasuaji kuna uwanja wa saruji, umezungukwa na madirisha ya wodi. Katikati ya uwanja ndala ya kulia ilikatika kamba. Akaiacha palepale na kuendelea na mguu mtupu. Kama kulikuwa na watu madirishani hakuwaona.

Mlangoni mwa jengo la upasuaji Mlinzi alinyoosha mkono.

"Kitambulisho."

"Nimekiacha mezani. Nipishe, kuna dharura."

"Kila anayekuja hapa kabla ya saa za kutazama wagonjwa ana dharura, dada yangu."

"Wewe si unanijua? Mimi wa kompyuta."

"Nakujua vizuri sana, Bi Nyekundu. Nakujua mpaka mwendo. Ila wiki iliyopita tulisomewa hapa, bila kitambulisho hapiti mtu, hata awe mkurugenzi. Na wewe mwenyewe ulikuwepo, ukasema ni jambo zuri."

Alijaribu kumweleza. Maneno yalitoka kichwa chini miguu juu: shangazi, sindano, Waturuki, nukta. Mlinzi alimsikiliza kwa makini ya mtu anayeamua kama amwite daktari wa akili. Alikuwa anatimiza wajibu wake, hilo lazima lisemwe, na mtu mwoga wa kufukuzwa kazi hutimiza wajibu polepole. Bi Nyekundu alipoona anageukia simu yake ya ukutani kuulizia, akainama, akapita chini ya kwapa lake.

Wodi ilikuwa kimya. Mkono wa simu ya mezani ulikuwa umelala pembeni ya kikalio chake, mtu aliuweka vibaya, ndiyo maana ilikuwa inaongea. Kitanda cha Shangazi kilikuwa cha tatu kutoka dirishani, na Sista alikuwa ameshainama hapo, sindano mkononi, kidole gumba juu, ncha imeshaingia kwenye mpira wa dripu.

"Sista, usimchome."

Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. Sista akageuza shingo tu.

"Samahani, nini?"

"Hiyo penisilini itamuua. Toa. Nakuomba, toa kwanza."

"Mbona mashine haijalia?" Sista alisema, na si kwa ubishi. Alishangaa kweli. Akaangalia ukutani, kwenye ile karatasi, kisha akamwangalia aliyeitunga. "Si wewe uliyetuambia?"

"Mashine haioni. Tangu jana haioni. Toa, Sista."

Sista akaichomoa sindano taratibu, akaiweka kwenye trei. Ilikuwa bado imejaa. Bi Nyekundu alishika chuma cha kitanda, akamtazama Shangazi. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Alikuwa anakoroma, tena vibaya, na mpwa wake hakuwahi kusikia sauti tamu kama ile. Machozi yakamtoka akayaacha.

"Kwa hiyo haioni kwa huyu tu, au kwa wote?" Sista akauliza.

"Kwa wote. Wote waliolazwa kabla ya jana jioni."

"Wodi zote?"

"Zote."

Sista alikuwa mtu mzima, mwenye sauti ya chini, asiyependa makuu. Aliliuliza swali lake kama mtu anavyouliza kwa nini hukufunga mlango. "Sasa mbona hukuizima? Skrini zikizima sisi hatuchomi mtu. Ndiyo sheria ya Matroni. Zikizima tunasimama wote, tunafuata mafaili ya makaratasi, tunauliza kwa mdomo. Ungeizima hukohuko, tungesimama hospitali nzima."

Ilikuwa kweli. Ilikuwa kweli tangu Bi Nyekundu alipokuwa amekaa kwenye kiti chake, vidole viko juu ya kibodi. Amri moja ya maneno mawili. Ingemkinga hata Shangazi, kwa sababu faili lake la karatasi lilikuwa na penisilini imepigiwa mstari mara mbili. Lakini yeye alipoona jina la Shangazi aliinuka na kukimbia, kana kwamba hospitali nzima ina mgonjwa mmoja.

Akaiendea kompyuta ya wodi karibu na simu. Kwa haraka akakosea neno lake la siri, akakosea tena, na mashine ikamtahadharisha kwamba akikosea mara nyingine itamfungia nje. Akaandika herufi moja moja. Ikakubali. Akaizima programu.

Skrini ya wodi ikawa nyeusi. Aliwaza skrini nyingine zikizima hivyohivyo, wodi baada ya wodi, wauguzi wakisimama na trei zao. Alijua pia kwamba wapo ambao trei zao zilikuwa tupu tayari. Sista alirudisha simu kwenye kikalio chake, akaanza kupiga wodi moja moja. "Msimchome mtu. Ndiyo, mashine. Penisilini hasa. Na nyingine." Alipofika wodi ya upasuaji ya wanaume, iliyo jengo jingine, hakujibiwa na mtu.

Kengele ya dharura ikalia ng'ambo ya uwanja.

Bi Nyekundu alivuka tena uwanja ule, safari hii bila kukimbia. Mlangoni mwa wodi ya wanaume watu walikuwa wamejaa. Katikati ya migongo ya makoti meupe aliona miguu miwili ya mwanamume, minene, soksi za bluu, ikigonga godoro. Mtu alikuwa anaitisha adrenalini. Mwingine alikuwa anasema, "Koo linaziba, nipe mrija mdogo kuliko huu." Muuguzi mmoja alisimama pembeni ameshika sindano tupu, anairudia sentensi ileile kwa kila aliyepita: "Ilinyamaza. Nimeangalia, ilinyamaza." Miguu iligonga, kisha ikaacha kugonga, na kuacha kule kulimtisha zaidi. Wakamsukuma na kitanda chake mbio kuelekea chumba cha mahututi.

Alikuwa dereva wa lori, amelazwa kwa jipu la taya. Penisilini iliandikwa kwenye orodha ya dawa zinazomdhuru siku ya kwanza, kwa usahihi wote, na mashine ya zamani.

Kurekebisha hakukuchukua muda, na hilo nalo lilimuuma Bi Nyekundu. Ulikuwa mstari mmoja tu, wa kuiambia programu kwamba majina ya dawa yakuzwe na kulinganishwa kwa kanuni moja, mashine iwe ya nani, ikae kwa nani. Fundi Mitambo alisimama nyuma ya kiti chake, mikono imekosa kazi, anasema, "Mimi sikujua. Lugha ya mashine, nani angejua." Alimjibu kwamba hakuna aliyejua. Alilisema hilo akalisikia mwenyewe lilivyo jepesi. Wakajaribu kwa mgonjwa wa zamani, wakajaribu kwa mpya, wakajaribu kila dawa yenye i waliyoweza kuikumbuka. Skrini iliwaka na kulia mpaka Mfamasia akapiga simu kuuliza kulikoni, na safari hii hakuwa anacheka. Alikuwa ameshasikia.

Mchana Shangazi aliamka.

"Mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna," alisema, akimwangalia kwa jicho moja, la pili bado zito. "Ndiyo mtindo wa siku hizi?"

"Kimekatika, Shangazi."

"Sista ameniambia. Kwamba ulikuja mbio kama umefukuzwa na nyuki. Ukanitolea sindano mwilini." Akamshika kiganja. Mkono wake ulikuwa na joto na ulikuwa mkavu. "Damu nzito kuliko maji. Mimi nilijua nalea mtu. Nitawaambia wote nyumbani, yule mnayesema anacheza na kompyuta ndiye aliyeniokoa."

"Usiwaambie."

"Kwa nini nisiwaambie? Sifa ya mtu apewe."

"Shangazi, nakuomba. Usiwaambie."

Jicho la pili la Shangazi likafunguka. Hakuuliza. Alimlea, alijua kunyamaza kwake kwa kila namna. Akampapasa kiganja tu, akalala tena.

Mke wa dereva alikuwa kwenye benchi nje ya chumba cha mahututi, chupa ya chai mapajani haijafunguliwa. Alikuwa mwanamke wa makamo, kitambaa cha kichwa kimelegea. Bi Nyekundu hakujua amekuja kufanya nini. Alikaa kwenye ncha ya benchi, na mwanamke akasogeza mkoba kumpa nafasi, kama watu wanavyofanya.

"Wewe ndiye dada wa kompyuta," mwanamke alisema. "Wameniambia ni wewe uliyegundua. Mungu akubariki. Wanasema kama si wewe wangekwenda wengi."

Bi Nyekundu alitazama sakafu.

"Na mimi nilikuona," mwanamke akaendelea. Alikuwa anaongea ili asikae kimya, ilionekana. "Nilikuwa nimeruhusiwa kumletea chai mapema, nimesimama dirishani, namfungulia mume wangu pazia. Ukapita uwanjani, ndala ikakukatika ukaiacha. Nikamwambia, tazama yule dada anavyokimbia, sijui ameibiwa. Akainua kichwa akakuona, akacheka mpaka akashika taya, maana inamuuma. Akasema, huyo hata lori langu halimfikii." Akakaza kitambaa cha kichwa. "Alikuwa bado anacheka muuguzi alipokuja na sindano."

Bi Nyekundu angeweza kuinuka, akasema pole, akaenda zake. Hakuna mtu angejua. Sista hakuwa mtu wa maneno, na Shangazi alishanyamaza.

"Mama," alisema, "nilikuwa nimeshajua."

"Umejua nini?"

"Pale uliponiona nakimbia, nilikuwa nimeshajua kwamba mashine haioni. Ningeweza kuizima nikiwa kwenye kiti changu, na hakuna mtu angechomwa. Lakini niliona jina la shangazi yangu, aliyenilea. Nikamkimbilia yeye."

Mwanamke hakugeuka. Vidole vyake vilizungusha kifuniko cha chupa ya chai, vikakirudisha, vikakizungusha. Ndani ya chumba mashine ya kupumulia ilivuta na kutoa, ikavuta na kutoa, na wote wawili waliisikiliza.

"Shangazi yako yupo?" akauliza mwisho.

"Yupo. Ameamka."

"Na mimi ningemkimbilia wangu," mwanamke alisema taratibu. "Nakwambia kweli, ningewaruka wote. Lakini mimi sina cha kuzima, dada. Wewe ulikuwa nacho."

Walikaa hivyo, mkoba katikati yao, mpaka mlango ulipofunguliwa na daktari akatoa kichwa. Alisema mgonjwa amefumbua macho, hawezi kuongea kwa sababu ya mrija, lakini amemjua muuguzi na ameuliza kwa mikono mkewe yuko wapi. Mwanamke akainuka na chupa yake, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake. Hakugeuka kumtazama aliyebaki.

Bi Nyekundu alibaki kwenye benchi. Alingoja hofu imtoke sasa, maana yule mtu yu hai, na haikutoka. Aliijua sababu. Hata angeambiwa asubuhi ile irudi upya, skrini ileile, jina lilelile, na yeye akijua yote anayoyajua, miguu yake ingekwenda kulekule kwa shangazi.